Aliyefuta Mfereji wa Tatu

Benchi letu limebanwa kati ya nguzo ya transfoma na ukuta wa ofisi ya Umoja wa Wamwagiliaji, hapa Kilosa mjini, njia ya kwendea stendi. Ni ubao mmoja mrefu uliokaa juu ya matofali, umelainishwa na suruali za watu wasio na haraka. Asiyetujua hudhani hatuna kazi. Kazi tunazo. Mimi nashona viatu palepale, kiatu cha mtu kimebanwa magotini na masikio yako kwenye maongezi, ndiyo maana wananiita Soli. Ditram anafungua simu za watu kwenye kimeza cha kioo, tunamwita Injinia, ingawa chuo alichosoma ni kumwangalia mwenzake akifungua. Marko ni Wakili. Aliwahi kuwa na kesi ya mpaka wa kiwanja mahakama ya mwanzo, ikaenda miaka sita, akatoka bila kiwanja ila na msamiati. Yassin ndiye mwenye birika, na kahawa yake ina uchungu ambao hakuna aliyewahi kuulalamikia. Niseme mapema kwamba mimi sipendi mtu anayeongea jambo asilokuwa na uhakika nalo. Kwenye benchi lile mwenye uhakika ni mimi.

Alhamisi hiyo tulikuwa na jambo moja tu. Umoja una mifereji minne inayopeleka maji kwenye mashamba ya mpunga ya Tindiga na jirani zake, na kila mwanachama ana zamu yake ya maji, inayorudi kila baada ya siku nane. Zamani zamu ziliandikwa kwenye daftari, daftari likaliwa na mchwa, ndipo ikaletwa seva. Seva ni kompyuta isiyozimwa, imefungiwa chumba cha nyuma cha ofisi, nayo ndiyo inayotunza majina na zamu zote. Madawati ya umoja, yaani ofisi zake ndogo za Tindiga, Kidete na Mikumi, yote yanasoma humo. Asubuhi mlinzi wa lango la maji anafungua simu yake, anasoma jina la mwenye zamu, anafungua lango. Jumatano alifungua simu akakuta Mfereji wa Tatu hauna jina hata moja. Familia themanini na tatu zimefutika. Akafanya kama alivyofundishwa, kwamba jina likikosekana lango halifunguliwi. Na mpunga ndio kwanza ulikuwa unachanua.

Jioni yake majina yalirudishwa kutoka kwenye nakala ya akiba. Lakini watu wa Tindiga walishapiga simu za kutosha, na Alhamisi hiyo bodi ilikuwa inakaa saa nane mchana kuamua kama Resiato abaki kazini au aondoke. Resiato ni binti wa Mzee Kimaren, wale wafugaji wa kule uwandani. Alisoma mambo ya kompyuta Morogoro, na kwa miaka miwili ndiye aliyekuwa akilinda ile seva. Sisi tunampenda. Ni mtoto ambaye hapiti benchini bila kuamkia.

Saa nne Wakili ndiye aliyeanza.

— Mahakamani swali la kwanza ni nani anafaidika. Mfereji wa Tatu ukikauka, nani anapita na ng'ombe? Na binti ni wa nani?

Damu ilinipanda. Nilimwambia ng'ombe wa Mzee Kimaren wananywa mtoni tangu yeye Marko hajazaliwa, na mfereji hawana shida nao, na kama anataka kusema maneno ya namna hiyo akaseme mbele ya binti mwenyewe. Akasema yeye anauliza tu, kisheria. Nikamwambia aache kuuliza kisheria.

Injinia yeye alikuwa na virusi. Alituambia dawati la Mikumi huwa linachomeka flashi ya nyimbo kwenye kompyuta ya ofisi, na flashi za Mikumi zinapita mikono mingi, maana madereva wa malori wote wanalala pale. Hapo kidogo alikuwa na akili. Lakini Yassin alipommiminia kikombe cha pili virusi vikakua. Vikaacha flashi, vikahamia kwa watalii wa mbugani. Mtalii yupo kwenye hema lake, anaangalia tembo, kompyuta yake imekosa mtandao, basi inanusanusa hewani mpaka inakutana na seva ya Kilosa na kuivuta.

— Ivute majina ya wakulima wa mpunga ili iyafanyie nini? nikamuuliza.

— Haichagui, bro. Inavuta kilicho karibu.

Yassin hakukubali. Yeye anakaa chini ya transfoma siku nzima na anaijua sauti yake. Alisema kuna saa transfoma hunguruma, na ikinguruma umeme unaingia na presha, unasukuma majina, na majina yaliyokaa pembeni yanaanguka. Mfereji wa Tatu, kwa maoni yake, utakuwa ulikaa pembeni. Wakili akaruka hapo hapo kwamba yote hayo ni madogo, kwamba kuna waya wa mtandao umefukiwa kando ya barabara kuu inayokatiza mbuga, na nyani wa Mikumi wanajulikana kwa kufukua. Nyani ameng'ata waya mahali palipoandikwa Mfereji wa Tatu. Injinia akataka kujua nani aliyemfundisha nyani kusoma, na wakaanza kubishana kwa dhati kabisa kama ni lazima nyani ajue kusoma ili ang'ate.

Mimi niliwaambia, kwa uhakika wangu wote, kwamba ni mtu. Na mtu huyo ni mjinga, na mjinga huyo akipatikana atembezwe mji mzima, aanze stesheni aishie stendi, watu wamwone. Nilisema hivyo mara mbili. Yassin ni shahidi.

Saa sita Resiato akatoka ofisini na karatasi mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, tukajibu wote, hata Wakili.

Yassin akampa kikombe, akanywa amesimama. Nilimtazama usoni nikitafuta machozi, sikuyaona. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kuamua jambo anangoja saa ifike. Injinia, ambaye hajui kunyamaza, akamuuliza kama ni kweli seva inaandika kila anayeigusa.

— Inaandika, akasema. Imeandika kwamba Jumanne, saa tano na dakika kumi asubuhi, msimamizi alifuta Mfereji wa Tatu.

— Na msimamizi ni nani?

— Ni mimi.

Wakili akaweka kikombe chini taratibu.

— Na ni Mwenyekiti, Resiato akaendelea. Na Katibu, na wajumbe saba wa bodi, na madawati yote matatu. Tunaingia wote kwa jina moja, msimamizi, na paswedi moja. Tuko kumi na watatu.

Nikamuuliza mtu aliyesoma anafanyaje jambo kama hilo. Niliuliza kwa ukali, maana nilikuwa namuonea huruma na huruma ikinijaa huwa natoka na ukali. Hakuchukia. Alitueleza kwamba alivyoanza kazi alimpa kila mtu akaunti yake, na kila akaunti na ruhusa zake. Mwenyekiti alikuwa anaweza kusoma kila kitu ila hawezi kubadilisha. Siku ya tatu Mwenyekiti akamwita, akamwambia yeye yumo kwenye umoja huu tangu Resiato ananyonya, sasa inakuwaje kuna mahali binti anaingia na yeye anaishia mlangoni. Resiato akampa ruhusa zote. Katibu akasikia, naye akaja. Wajumbe wakasikia. Kila aliyekuja ni mtu mzima, kila mmoja ana neno lake, mwishowe akaona bora awape wote ile akaunti yake moja waache kuja.

— Nilishindwa kumnyima mtu niliyetoka kumwamkia, akasema. Hilo ni kosa langu na nitalisema leo.

Hakuna kati yetu ambaye angeweza kumwambia angefanya vingine. Umemwambia mzee shikamoo, ameitikia marahaba, halafu hapohapo umwambie hapana? Mimi na umri huu wapo ambao bado siwezi kuwaambia hapana.

Akatuonyesha ile karatasi. Alikuwa ameigawa upya seva nzima. Kila mtu na jina lake na paswedi yake. Dawati litaandika zamu za mifereji yake tu, haliwezi kugusa ya wengine. Viongozi watasoma kila kitu lakini hawataweza kufuta wala kuandika. Na msimamizi atabaki mmoja, ambaye naye kazi zake za kila siku atazifanya kwa akaunti ndogo, ile kubwa aiguse kwa sababu maalumu tu. Kilichobaki ni bodi kukubali.

— Kwa hiyo wao wanakaa kukufukuza, na wewe unaingia kuwanyang'anya, nikasema.

— Leo leo. Nikiondoka, nisimwachie anayekuja mlango wazi.

Ndipo Injinia akakohoa. Nikajua kuna balaa, kwa sababu Injinia hakohoi bure.

— Resi, hiyo paswedi yenyewe, si ndiyo ile ya jina la Mwenyekiti na mwaka wake wa kuzaliwa?

Resiato akageuka polepole, akamuuliza ameijuaje. Ikabidi tumweleze. Hapa chini ya transfoma ndipo penye mtandao mzuri, na Mwenyekiti akitaka kuongea na dawati la Mikumi huja kusimama hapa. Kule Mikumi karani husahau paswedi kila Jumatatu. Mwenyekiti humtajia kwa sauti, herufi kwa herufi, na karani akisema hajasikia anarudia. Yassin anaijua kwa kichwa, hata simu yake mwenyewe anaifungua kwa hiyo. Injinia yeye alikwenda mbele zaidi. Aliiweka kwenye simu moja ya mezani kwake, na mtu akija anataka kujua zamu yake ni lini, anamfungulia anaangalia. Alilisema hilo kwa majivuno, kwamba ni huduma tu kwa jamii.

Resiato akatoa kalamu.

— Yassin. Injinia. Wakili?

— Ninaifahamu, Wakili akakiri.

— Mzee Soli?

— Naijua, nikasema.

Akaandika. Kumi na watatu tukawa kumi na saba. Na alipokuwa anaandika ndipo ile saa ikaniingia kichwani. Jumanne. Saa tano na dakika kumi.

Jumanne nilikuwa na viatu vya bwana mmoja aliyekuwa anavisubiri amekaa hapa na soksi. Ndiyo maana naikumbuka, alikuwa anaangalia saa kila dakika na kunitajia. Nikiwa nasubiri gundi ikauke nikaichukua ile simu ya Injinia nitazame zamu ya dada yangu Devota, ana shamba Mfereji wa Tatu. Nikafungua ukurasa wa mfereji huo, nikaandika jina lake mahali pa kutafutia, vidole vyangu vinene, likatoka Devoto. Nikataka kulifuta niandike upya. Pembeni nikaona neno limeandikwa Futa. Resiato alikuwa ametafsiri kila kitu kwa Kiswahili ili wazee wasipate shida, na mimi nikaona basi, mambo si hayo, nikabonyeza Futa. Kikatokea kiboksi kinaniuliza: Una uhakika?

Nilikuwa na uhakika. Lile jina lilikuwa na herufi mbaya na nilitaka litoke. Nikabonyeza Ndiyo. Ukurasa ukawa mweupe, nikamrudishia Injinia simu yake nikamwambia mtandao wenu huu ni wa kijinga.

Sikuwa nimelifuta jina. Nilikuwa nimefuta mfereji mzima.

Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nikiwa mvulana, na ile aibu badala ya kunifungua mdomo ikanifanya mkali. Nikamgombeza Yassin kwamba kahawa yake imepoa. Haikuwa imepoa. Nikainamisha kichwa kwenye kiatu na kuchoma sindano mahali pasipo na tundu.

Saa saba hivi Mwenyekiti akafika, mtu mnene wa taratibu, faili kwapani. Tukaamkia, akaitikia, akaketi kwa kikombe kimoja kabla ya kuingia. Akaiona ile karatasi mikononi mwa Resiato na kuiomba. Akaisoma kwa kuishika mbali na macho. Alipofika mahali penye jina lake akasimama.

— Mtazamaji?

— Ni ngazi ya viongozi, Mwenyekiti, Resiato akasema. Unaona kila kitu, mifereji yote minne, madawati yote.

— Mimi ni mtazamaji?

Akaanza kutueleza mtazamaji ni nani. Mtazamaji ni mtu wa uwanja wa mpira, anakaa kwenye nyasi, anapiga kelele, mechi ikiisha anajikung'uta anarudi kwake. Yeye ameuanzisha umoja huu, ametembea kwa mguu kuanzia Tindiga mpaka Kidete kuandikisha watu, leo aandikwe mtazamaji. Alisema hakubali na bodi haitakubali. Nilimwona Resiato ameanza kukunja midomo. Karatasi yote ilikuwa inakwenda kuzama kwa neno moja.

Hapo benchi likafanya kazi yake. Wakili akapendekeza Mheshimiwa Mwangalizi Mkuu wa Kudumu, jina ambalo Resiato alisema halitaingia kwenye kisanduku. Injinia akataka Supa Mtazamaji, Mwenyekiti akamwangalia mpaka akainama. Ni Yassin, akiwa anapepea mkaa wake, aliyeuliza bila kuinua kichwa.

— Mzee, si wewe ndiye mlezi wa timu yetu ya mpira?

— Ndiye.

— Umewahi kucheza?

— Wapi na mwili huu.

— Unapanga nani aanze na nani akae benchi?

— Hiyo ni kazi ya kocha, mlezi haingilii. Mlezi akiingilia timu inaharibika.

— Lakini timu ni ya nani?

— Ni yangu, Mwenyekiti akasema, akili inazunguka.

Resiato hakungoja. Alikata mtazamaji kwa mstari mmoja, akaandika juu yake mlezi, akamrudishia karatasi. Ruhusa zile zile, kusoma bila kugusa. Mwenyekiti akaisogeza mbali na macho tena na kulisoma kwa sauti, Mlezi wa Mifereji Yote. Akalisoma mara ya pili.

— Hapo sasa tunaelewana, akasema.

Nusura tushangilie. Lakini akaikunja karatasi, akaiweka kwenye faili, akamgeukia Resiato na sauti yake ikashuka.

— Karatasi ni nzuri, mwanangu. Nitaiunga mkono. Ila watu wa Tindiga wanataka jina la mtu. Seva imesema msimamizi, na msimamizi aliyeajiriwa ni wewe. Mimi sina jina lingine la kuwapa.

Akainuka, akaingia ofisini. Resiato akabaki amesimama na kikombe kitupu. Alisema kwamba hata hivyo amefurahi, karatasi itapita, wakulima watakuwa salama. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Wakili, kwa nia njema safari hii, akaanza kutafuta jina lingine la kuwapa bodi, akamrudia yule nyani, akasema anaweza kuliandika vizuri kisheria. Injinia akasema wataje mtalii, mtalii ameshaondoka, hatajua. Walikuwa wanajaribu kumwokoa. Mimi niliyekuwa na jina lenyewe nilikuwa napaka kiatu dawa.

Basi mama mmoja akashuka kutoka bodaboda pale mbele, kanga yake ina tope kavu kwenye pindo. Akatusalimia kwa heshima, akasema anaitwa Magreti, ametoka Tindiga, Mfereji wa Tatu, anauliza ofisi. Resiato akamshika mkono, akampa pole, akamwambia jina lake limesharudi.

— Nimeliona, akasema. Zamu yangu ilikuwa jana. Sasa mpaka siku nane nyingine, na mpunga unachanua. Nimekuja kuwauliza wanieleze tu imekuwaje.

Injinia akaona amepata mwanafunzi. Akamkalisha, akaanza kumweleza habari ya seva, habari ya msimamizi, habari ya ruhusa, jinsi paswedi moja ilivyosambaa kutoka ofisini mpaka benchini, na jinsi sasa hivi kumi na saba sote tunaweza kuingia. Magreti alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri.

— Kwa hiyo nyie mliokaa hapa, mnaweza kuingia mpaka kwenye zamu yangu.

— Tunaweza, mama. Hata sasa hivi nikufungulie.

— Nyie mna mashamba Tindiga?

Injinia akatazama meza yake. Hana shamba. Yassin ana birika. Wakili hata kile kiwanja alishindwa kesi. Hatukuwa wanachama hata mmoja, na katika miezi yote ile hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo, wala sisi hatukuwahi kujiuliza.

— Sasa mlikuwa mnatafuta nini mle ndani?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayekukuta jikoni kwake. Wakili, mwenye jibu la kila kitu, alikuwa anahesabu kashata kwenye sinia. Nikaona nikiinamisha kichwa tena safari hii sitakiinua. Nikakitoa kile kiatu magotini.

— Mimi nilikuwa natafuta jina la dada yangu, nikasema. Na ndimi niliyefuta.

Nikawaeleza yote, Devoto, Futa, Una uhakika, Ndiyo. Sikupunguza. Injinia akaninong'oneza nikaushe, kwamba hakuna ushahidi, kwamba watanipeleka mahali. Nikamwambia simu ni yake ila kidole kilikuwa changu. Resiato alinisikiliza na kalamu mkononi, akaniomba nirudie saa, nikarudia. Sikuona hasira kwake. Ningependa angekuwa nayo.

— Na dada yako naye hakupata maji? Magreti akauliza.

— Sidhani kama alipata.

— Umempigia?

Sikuwa nimempigia. Siku mbili nzima nilikuwa nabishana kuhusu mfereji wa dada yangu na sikuwa nimempigia.

Resiato akaniambia nikiingia kusema haya mbele ya bodi watanisema vibaya, na nje watanicheka mpaka mwakani. Nikamwambia waseme na wacheke. Nilivua aproni, nikanawa gundi kwa maji ya Yassin, na saa nane tukaingia watatu, yeye, mimi na Magreti.

Chumba kilikuwa kimejaa. Resiato alisimama kwanza, akasema kosa lake, lile la kugawa akaunti moja kwa kumi na watatu kwa sababu alishindwa kusema hapana, akasema hatalirudia hata akiambiwa na nani. Alilisema akiwa amemtazama kila mmoja kwa zamu yake. Kisha nikainuliwa mimi. Nikaamkia, wakaitikia, nikasema Jumanne saa tano na dakika kumi msimamizi nilikuwa mimi.

Mwenyekiti akanitazama kwa muda mrefu.

— Wewe ni nani kwenye umoja huu?

— Si mtu yeyote, Mwenyekiti. Nashona viatu hapo ukutani.

— Sasa uliingiaje?

— Kwa jina lako na mwaka wako wa kuzaliwa. Ulinitajia mwenyewe, Mwenyekiti, ukiwa unaongea na Mikumi. Ulirudia mara tatu.

Wajumbe wakaangaliana. Katibu akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Magreti aliyekaa mlangoni alimtazama tu Mwenyekiti, na Mwenyekiti alimwona. Akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, akafungua faili na kuitoa ile karatasi, akaisukuma juu ya meza mpaka mbele ya Resiato.

— Binti, hizo ruhusa unaweza kuziondoa kutoka hapo ulipo?

— Naweza, Mwenyekiti.

— Sasa hivi?

— Sasa hivi.

— Basi anza na mimi, msimamizi wetu.

Resiato akavuta kiti, akafungua kompyuta.